Mdomo wa Bomba

Jumamosi hiyo Mwalimu alitoka getini kwake akiwa na vidole vya zambarau.

Alikuwa ametoka kukoroga rangi ya kupimia mabomba, ile aliyopewa na fundi bomba, wenzake wakiwa tayari wanamwita barabarani. Aliimimina kwenye chupa, akakaza kizibo. Ndoo akaisuuza chooni haraka haraka, akavuta maji mara mbili mpaka choo kikarudi cheupe kama sahani. Vidole ndivyo vilivyokataa. Sabuni ilishindwa, limau likashindwa, hata jiwe la kusugulia visigino.

"Mwalimu, umeiba zambarau shambani kwa nani?" dereva mstaafu alimtania. Wenzake wakacheka.

"Tuombe kwanza, mtacheka baadaye." Wakainamisha vichwa. "Ee Mungu, mfichue leo mwenye uchafu ule wa bondeni, hata kama amejificha chini ya ardhi."

"Amina," wakaitikia, wakaanza kuteremka.

Walijiita Tuujue Mji. Walikuwa wastaafu wachache wa mtaa wa mlimani, watu walioishi mjini humo maisha yao yote lakini wakijua njia mbili tu, ya kazini na ya kurudi nyumbani. Sasa kila mwisho wa wiki walichagua mtaa mmoja wasioujua, wakauzunguka kwa miguu, wakatafuna karanga, wakarudi na hadithi. Raha hiyo iliendelea mpaka siku walipofika bondeni.

Mwalimu hakuwahi kuisahau siku ile. Chini ya kichaka, mdomo wa bomba ulikuwa ukitapikia kijito maji mazito ya kijivu. Ndani yake mlielea mafungu ya nywele, karatasi za chooni zilizolainika kama uji, na vitu ambavyo mtu aliyelelewa vizuri havitaji. Funza walikuwa wamenona. Hatua chache mbele, mama muuza mchicha aliinama kuchota maji hayohayo amwagilie matuta yake. Mgongoni alimbeba mtoto aliyenyauka kwa kuhara.

"Hatuna mengine," mama yule alisema.

Mwalimu alitapika palepale, juu ya viatu vyake mwenyewe.

Tangu hapo matembezi yakageuka msako. "Tulisema tutembee tuuone mji," dereva alilalamika, "sasa tunatembea tuunuse."

Bomba lilipita chini ya ardhi, wala hakuna aliyejua lilianzia wapi. Kwa hiyo kila Jumamosi fundi alimwaga rangi kwenye choo cha jengo moja waliloshuku, na wenzake wakangoja bondeni, leso puani, mpaka karanga zikaisha. Walianza na hoteli. Maji yakatoka kijivu. Wakaenda shuleni. Kijivu kilekile. Leo ilikuwa zamu ya ghorofa la wapangaji.

"Ni hao tu," Mwalimu alisema njiani. "Nimepita pale, ngazi zenyewe zinanata. Mtu anajisaidia, anavuta maji, basi, kwake kumekwisha. Yakifika kwa mtoto wa mwenzake, si shauri lake. Ptuu!"

"Usiseme habari za vyoo," dereva alisema. "Juzi nimeita tena gari la kunyonya shimo la choo. Harufu yake! Mke wangu alihamia kwa dada yake."

"Mimi sijaliita hata mara moja tangu nihamie," Mwalimu alisema. "Kitu ukikitumia kwa ustaarabu hakijai."

"Una bahati, Mwalimu," fundi alisema.

Harufu iliwapokea kabla ya bonde kuonekana. Ilikuwa nzito, yenye utamu wa kuoza, ikishuka kooni kama kitu cha kumezwa. Mama mchicha alikuwa akiwangoja ukingoni ameshika beleshi. Mtoto alikuwa mgongoni bado. Macho yake yalikuwa yameingia ndani zaidi, na inzi walitembea midomoni mwake bila kufukuzwa.

"Nimelileta, Mwalimu. Ulisema nije nalo."

"Nilisema, na narudia." Mwalimu aliwageukia wenzake, sauti ikipanda kama enzi za darasani. "Tukimpata, atalizoa tope hili lote kwa mikono yake, mchana kweupe, watu wakimtazama. Na sitaki visingizio. Asije akaniambia hakujua. Mtu mzima anajua kinyesi chake kinakwenda wapi!"

"Kweli kabisa," wakasema.

Fundi alikuwa ameinama, akiingiza suruali ndani ya buti ili apande kwenda kwenye ghorofa, pale dereva alipopiga kelele.

"Jamani! Njooni mwone!"

Ulianza kama uzi mwembamba katikati ya ukijivu. Uzi ukawa utepe, utepe ukawa shuka. Povu likageuka rangi, nywele zikageuka rangi, na punde bomba zima lilikuwa likitapika zambarau tupu.

Mwalimu alipiga makofi, machozi yakimlenga. "Nilisema! Sikusema mimi? Ghorofa lile! Ahsante Mungu, umemfichua! Hongera, fundi, umefanya kazi!"

Fundi alijiinua polepole. Chupa aliyokabidhiwa na Mwalimu ilikuwa mkononi mwake, imejaa hadi shingoni, kizibo kimekazwa.

"Bado sijapanda, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Bomba liliendelea kubwabwaja. Mama mchicha aliwatazama wastaafu mmoja mmoja, kisha akalinyoosha beleshi mbele, akingoja aambiwe ampe nani.

Mkono uliolipokea ulikuwa wa zambarau.