Mikono Yote Juu

"Anayejua anainua mkono wa kulia. Asiyejua je?"

"Wa kushoto!" darasa la nne likaitika.

"Na nani asiyeinua?"

"Hakuna!"

Ishak akajifuta jasho kwa kitambaa alichokikunja pembe nne, mazoea ya hotelini. Ujana wake wote ulikuwa wa kubeba sinia Diani, mpaka hoteli ilipofungwa, wenyewe wakapanda ndege na weita wakaachwa getini na sare zao. Sasa mvi zimeshaingia ndevuni, naye ni mwalimu wa mazoezi, cheti bado hana, katika shule moja ya msingi huko nyuma ya Msambweni. Ijumaa hiyo mkaguzi wa chuo alikuwa njiani. Mara ya kwanza alimwangusha. Akianguka tena, chuo kimeshamalizana naye, na hotelini hakuna pa kurudi.

Mbinu ya mikono alipewa na mwalimu mkuu, Madam Eunice. Mgeni ataona mikono yote iko juu, na mwalimu atachagua ya kulia tu.

"Wakubwa wanataka mikono, Mwalimu," alimwambia. "Hawana taimu ya kuuliza kichwani kuna nini."

Wakajaribu tena. Mikono ikapanda vizuri, kasoro dawati la mbele. Ikram aliinua yote miwili.

"Mwalimu," akauliza kwa ile sauti yake nzito, polepole, "mkono wa uongo ni upi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Madam Eunice, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka.

Ikram alikuwa mgeni pale. Shangazi yake alimwandikisha muhula ule ule aliokuja Ishak. Alipokuwa mdogo alishikwa na degedege, akakimbizwa zahanati, na mwenye funguo za dawa akawa yuko semina Mombasa anakula biskuti. Homa ilishuka yenyewe, ikashuka na nusu ya akili. Mama mtu alilia mwaka mzima, kisha naye akaitikia wito wa Mola wake. Tangu hapo mtoto akielezwa jambo mara kumi hulishika nusu, lakini akiulizwa husema kweli tupu.

"Kwani hili zuzu ni la nani?" Madam Eunice aliuliza siku ya kwanza, na ofisi nzima ya walimu ikacheka. Ishak pia alicheka.

Sasa Madam alimvuta Ishak pembeni. "Huyu atatuchoma. Mweke stoo mpaka mgeni aende."

"Stoo ya mahindi? Mna joto, Madam."

"Kwani ataiva? Wewe chagua. Yeye ama cheti."

Ishak akamshika Ikram mkono, wakazunguka nyuma ya darasa. Stoo ilikuwa ya mabati, paa na kuta, haina dirisha. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye dari.

"Kaa hapa. Ukisikia watu, usiite. Wala usigonge mlango, mpaka nije mwenyewe."

"Hata nikiogopa?"

"Hata ukiogopa."

"Nikinyamaza utafurahi?"

"Nitafurahi sana."

Ikram akainua mkono wa kulia. Safari hii hakukosea. Ishak akasukuma komeo.

Bwana Ziro, mkaguzi, alifika na gari lenye kiyoyozi, akaketi nyuma ya darasa, miguu kaikunja. Ishak alifundisha safari ya maji, toka baharini mpaka mawinguni, na akafundisha kwa madaha, akizunguka baina ya madawati kama anayehudumia meza za wageni. Kila alipouliza, mikono ilipanda yote. Kila alipochagua, jibu lilikuwa sahihi. Bwana Ziro alitikisa kichwa kwa kuridhika, akitia alama.

Kipindi kikiwa katikati, kitu kizito kilianguka upande wa stoo. Mara moja tu, kisha kimya.

"Nini hicho?"

"Panya, mzee," Ishak akajibu. "Wanakula mahindi ya serikali. Wamenenepa kuliko sisi."

Bwana Ziro alicheka mpaka akavua miwani.

Baadaye ofisini Madam Eunice aliandaa chai ya maziwa na mahamri. Bwana Ziro akampa Ishak mkono.

"Umepita, Mwalimu, tena umepita vizuri. Mtu anayewapenda watoto hajifichi. Wewe mwenyewe unao?"

Madam Eunice alikuwa anamtazama. Ishak akainamia kikombe.

"Bado, mzee. Sijajaaliwa."

"Inshallah utapata. Twende, nikuteremshe njiani."

Ishak hakuwahi kupanda gari la mkubwa ila kwa kupakia mizigo ya wageni. Aliketi mbele, ubaridi ukimpuliza kifuani, na kila jambo alilosema mkubwa aliliitikia. Nyuma yao watoto waliachiliwa mapema kwa ajili ya swala, walimu wakatawanyika, geti likafungwa hadi Jumatatu.

Aliteremka Msambweni mjini. Baada ya swala alikutana na weita wenzake wa zamani, nao wakampongeza, wakamtania, wakamwita "Tichi" na kumwomba ruhusa ya kwenda chooni. Alicheka mpaka alasiri. Alinunua changu wawili wakubwa na nazi, akarudi nyumbani akiimba.

Alipika wali, akakaanga samaki. Akatandika mkeka barazani, akapakua sahani mbili, na ile ndogo akaitoa miiba mmoja mmoja, kama alivyofanya kila jioni. Kisha akageukia uani, walikokuwa wakicheza watoto wa jirani, akaita kwa sauti ya mtu aliyepita mtihani:

"Ikram! Njoo ule, mwanangu. Baba amekuwa mwalimu!"