Mgonjwa Aliyeigiza Vizuri Mno

Mgonjwa alipiga ukelele, na Madame Hortense akatabasamu.

Alikuwa ameingia darasani mbio, viatu vimejaa matope mekundu ya mtaa wa Kasungami, ambako teksi yake ilikwama. Njia nzima alidhani atakuta mambo yameharibika. Kumbe wapi! Kitandani alilala mwanamume mnene, uso ameukunja kwa maumivu. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, aliketi bwana mwembamba mwenye suti ya rangi ya maziwa, miwani puani, chupa ya soda mkononi. Wanafunzi walikuwa wamewapokea wote wawili bila yeye.

Hortense alifundisha wauguzi katika shule ndogo ya Lubumbashi. Siku hiyo mkaguzi wa mkoa angekuja kuamua kama darasa lake la vitendo liendelee au lifungwe. Shule haikuwa hata na mwanasesere wa kufundishia. Yule wao wa mpira aling'oka kichwa katika somo la kuogesha wagonjwa. Ndipo Hortense alipompigia simu msanii mmoja wa maigizo, Bilal, aliyemjua kwa sifa za shemeji yake tu. Wakakubaliana: Bilal atakuwa mtu aliyeanguka na pikipiki, taya limevunjika, mguu nao hivyo hivyo.

Hortense alimwinamia bwana wa suti. "Karibu sana, Papa. Utusamehe, njia ilikuwa mubaya."

"Hakuna shida, Madame. Banafunzi yako banajua kupokea bantu. Hata sucré balinipa," akainua chupa yake ya soda.

Hortense akapumua. Akamvuta mwanafunzi wake Falonne pembeni. "Nani alimuandaa huyu mugonjwa?"

"Ni miye, Madame. Tulimukuta mu couloir, inje ya darasa, anashika mugongo, analia 'aïe, aïe'. Tukamubeba mpaka ku kitanda."

"Alianza kazi tangu couloir!" Hortense alinong'ona. "Huyo njo artiste, musanii kamili."

Alimtazama Falonne kwa wasiwasi kidogo. Mwaka wa kwanza binti huyu alizimia kila alipoona sindano, na safari moja alianguka na kabati la dawa. Wenzake walimcheka. Hortense ndiye aliyebaki naye baada ya masomo, akimfundisha kudunga machungwa, kisha akiyala mwenyewe ili yasipotee bure. Familia ya Hortense ilikuwa imezoea kumwona akirudi nyumbani bila sauti na bila hamu ya chakula.

"Haya, Falonne. Anza."

Mgonjwa aliinua kichwa. "Madame, tafazali, miye sikukuya hapa juu ya..."

"Papa, usiseme," Falonne alimwambia kwa upole. "Taya yako ilivunjika."

"Taya yangu iko muzima! Ni mugongo tu, juu ya ile barabara!"

Hortense alimgeukia bwana wa suti na kumweleza kwamba mtu aliyegonga kichwa mara nyingi hukana ugonjwa wake. Bwana akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejua hilo siku nyingi.

Falonne alipitisha bandeji chini ya kidevu, akaizungusha hadi utosini, akarudia, akarudia tena, mpaka maneno ya mgonjwa yakawa kama redio iliyofunikwa na mto. Wanafunzi wenzake, Stéphane na Ntumba, wakashika mguu. Mgonjwa akapiga teke. "Hiyo ni mshtuko," Hortense alifafanua. Viatu vya mgonjwa viling'aa kuliko vya mtu aliyeburutwa na pikipiki, lakini alimsamehe.

"Madame, tukate suruali?" Stéphane aliuliza, mkasi mkononi. "Ulitufundisha kukata."

Mgonjwa akatoa macho. Hortense akasita. Suruali ilikuwa nzuri, imepigwa pasi ikasimama. Lakini mbele ya mkaguzi mtu haanzi kusitasita.

"Kateni."

Mkasi ukapanda kutoka kifundo hadi pajani. Mgonjwa alinguruma kwa namna ambayo hata bwana wa suti alisahau soda yake.

Falonne akamshika mkono. "Papa, najua inauma. Niko hapa. Sikuache." Safari hii hakuzimia. Mgonjwa aliacha kupiga mateke, akamtazama, na chozi moja likateremka hadi kwenye bandeji. Hortense aligeuka kando kufuta la kwake. Kwa ajili ya dakika hii, aliwaza, angekula machungwa mengine gunia zima.

Mguu ulipokwisha kufungwa kwenye mbao, alijikaza, akamwendea bwana wa suti.

"Papa, unaona aje kazi yetu?"

Bwana aliweka chupa chini, akasimama.

"Madame, miye nilizunguka mingi. Kinsevere, Kasenga, kote. Lakini kintu kama hii sijaona. Huyu binti iko na mikono ya baraka. Siku nitagonjwa kweli kweli, banilete hapa."

Darasa likalipuka. Ntumba alicheza, Stéphane akarusha mkasi juu na kuukwepa, Falonne akamkumbatia kila aliyekuwa karibu, na mgonjwa pia. Hortense alilia waziwazi, ameshika mkono wa bwana yule kwa mikono yake yote miwili.

"Asanti, Papa. Asanti sana. Haujue hii darasa ni nini kwangu."

"Iko muzuri kabisa," alisema bwana, akiutoa mkono wake taratibu na kuanza kufungua vifungo vya koti. "Lakini, Madame, huyu mwenzangu alimaliza? Juu miye Bilal nangoja tangu asubui, na bado haujaniambia nilale ku kitanda gani."

Vichwa vyote vikageukia kitanda. Mkono mmoja ulikuwa umeinuliwa juu, ukiandika hewani, ukiomba kalamu ya kuandikia ripoti ya ukaguzi.