Kisasi cha Asubuhi

Saa ya kisasi ilikuwa asubuhi, mama akishaogeshwa na kuketishwa kwenye kiti cha plastiki, binti yake akimpaka mafuta miguuni. Binti huyo mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu ya cherehani yake.

"Hivi wewe ni binti wa nani?" mama aliuliza, kama kawaida yake.

"Wa mama mmoja hivi, mwenye roho ya jiwe."

"Maskini! Alikufanya nini?"

Hapo ndipo Fundi alipopataka. Akasimulia alivyomkimbia mume, jicho limevimba, mimba kubwa tumboni, akaenda kubisha hodi kwao. Mama yake akasimama katikati ya mlango. Hata maji hakumpa. "Rudi kwa mumeo, usituaibishe." Akarudi. Mtoto alizaliwa amekufa kabla juma halijaisha, na mwingine hakupatikana tena.

"Ee Mungu wangu!" Mama alianza kulia. "Na huyo mama yuko wapi?"

"Ni wewe. Wewe hapo!"

Mama akajikunja, akalia mpaka mabega yakamtikisika. Fundi akafunga kopo la mafuta, akaenda kwenye cherehani yake moyo mweupe. Roho mbaya? Na iwe. Mchana mama angeuliza mbona chai imechelewa, hakumbuki lolote, na kesho angechomwa upya. Wenzake hufiwa mara moja. Huyu alifiwa na mjukuu yuleyule kila siku iendayo kwa Mungu. Tamu iliyoje!

Maana mama alipokuwa na akili zake timamu hakumpa nafasi. Ukigusa habari za mlango ule, anainuka: "Yamepita hayo, usinichokoe." Fundi akaishia kunyamaza. Hata mama alipovunjika nyonga akahamia kwake, waliishi kama wapangaji wasiojuana: shikamoo, marahaba, basi. Mpaka asubuhi ile mama alipomkazia macho, akauliza yeye ni binti wa nani.

Jambo moja tu lilimtia Fundi hofu. Bibi yake mzaa mama alikufa hajui hata jina lake mwenyewe, na mama mkubwa naye akaishia hivyo hivyo. Je, kama maradhi yako damuni? Kufa hakukumwogopesha. Aliogopa kuamka siku moja naye amesahau, mama akawa amepona hivi hivi tu.

Ndipo akampeleka kliniki, wakatolewa damu wote wawili. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, akampa mama maneno matano ayashike kichwani. Mama hakurudisha hata moja. Mahali pa "chungwa" akasema "paka". Daktari akamtazama kitambo.

"Dada, tupishe kidogo."

Walikaa humo muda mrefu. Mama alipotoka, macho yalikuwa mekundu. "Hapa ni kwa nani?" akauliza.

Majibu yalipokuwa tayari, Fundi alikwenda peke yake.

"Kuna kinasaba kinachoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni," daktari alisema. "Unacho, nakala moja. Si hukumu, dada. Wengi wanacho na wanazeeka na akili zao."

Fundi akapiga meza kofi. "Kumbe na hili kanipa yeye! Hakutosheka!" Kesho asubuhi angemwambia na hili pia, polepole, neno kwa neno, limwingie.

"Hapana, umekipata kwa baba. Mama hana hata nakala moja."

"Hana? Sasa ugonjwa wake umetoka wapi?"

"Mtu anaweza kuugua bila hicho kinasaba. Ndiyo maana nilimpima kila kitu." Daktari akafunga faili. "Dada, siwezi kumwandikia dawa ya ugonjwa ambao hana. Tulipobaki wawili, aliyataja maneno yote matano. Kisha akayarudia kutoka la mwisho mpaka la kwanza."

Fundi akainuka kitini. "Yaani anajifanya? Mbona kila asubuhi namwambia maneno ya kumuua!"

"Anayajua. Alinisimulia yote, hata jicho lako lilivyokuwa. Nikamwambia aache kujifanya, akuombe radhi yaishe. Akanishika mikono, akanisihi nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema siku utakayojua kwamba anakumbuka, utanyamaza tena."