Santuri Inayokwama

Santuri ilikwama tena. "Njoo… njoo… njoo…" mwimbaji alirudia, na mzee, mpiga tarumbeta mstaafu, akabaki ametulia kitini kama vile hasikii.

Mlango ukagongwa. Alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya juu, mjane mwenye ulimi mkali.

"Mzee, hilo dude lako litanitia wazimu! Nimeshona mkono wa gauni shingoni kwa ajili yako."

"Samahani, jirani. Pita basi unywe chai, hasira zishuke."

Alipita. Alilalamika mpaka kikombe cha pili.

Binti wa mzee, aliyekuja kumsalimia baba yake, aliona aibu. Tangu mama yake afariki, ni muziki tu uliomchangamsha mzee. Lakini jirani akimshtaki kwa mwenye nyumba, atahamia wapi?

"Baba, nitakuletea spika. Nyimbo zote hizi ziko kwenye simu, na hazikwami."

"Simu inaimba kama mtu aliyebanwa pua," mzee alisema. "Santuri ina pumzi, mwanangu. Unamsikia mpigaji akivuta hewa kabla ya kupuliza. Sisi wanamuziki tunajua."

Binti hakubishana. Jumamosi alileta spika, akaichukua ile santuri mbovu akaitupa.

Jengo likawa shwari. Fundi hakushuka tena. Mzee naye akanyong'onyea. Chai ilimpoa mkononi, na spika ikaimba peke yake kama redio ya kinyozi. Binti roho ikamuuma. Kumbe kweli, alijisemea, sikio la mwanamuziki halidanganyiki.

Akazunguka maduka ya vitu vya zamani hadi akaipata santuri ileile, safi, haina hata mkwaruzo. Baba angefurahi, na jirani asingesumbuliwa. Mzee alipoipokea, machozi yalimlenga.

Binti alikuwa ameshafika kituoni alipokumbuka mwavuli wake. Akarudi, akafungua mlango.

Baba yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, miwani puani, akiikwaruza santuri mpya kwa sindano ya kushonea.

"Baba! Si unaiharibu? Na hiyo sindano umeitoa wapi?"

Mzee alikohoa, akaangalia pembeni.

"Kaniazima jirani. Amesema nifanye haraka, ameshavaa."