Mita Tatu

Tangu mumewe, Elinihaki, awekewe moyo wa betri kama wake, Namsifu hakukaa tena ubavuni pake safarini. Sheria ya mizigo ya hatari haikuwa na mzaha: kwenye basi mioyo miwili iachane mita tatu, betri zisije zikawashana moto, kwenye treni kila mmoja na behewa lake, kwenye meli mmoja asubiri safari ya pili. Hata kumwona mjukuu walifika kila mtu siku yake, kibandiko chekundu kifuani.

Waliporudi nyumbani, Namsifu alitandika kitanda upesi.

“Njoo tujinyooshe, Baba Nakundwa. Hapa hakuna mkaguzi.”

Mzee alikuwa amepiga magoti na futi kamba, akipima kutoka kitandani hadi kwenye mkeka wake.

“Najua, mke wangu. Ila sheria haitungwi bure.”

Namsifu aligusa kifua chake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza, alikihisi kina moto.