Jina la Inspekta

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, mhariri Bhaskarrao aliirudisha habari iliyoandikwa na mwandishi wake, Sulabha, bila kuitia hata nukta ya wino.

"Haina jina," alisema.

Namdev, muuza vitunguu wa soko la mji wa Nashik, aliingia mahabusu Jumatatu akitembea, akatolewa Jumanne amefunikwa shuka. Mbavu nne zimevunjika. Waliokuwa naye walimwona inspekta aliyempiga, ila hawakumjua. Kituoni kila mtu alikuwa bubu.

"Sahib, tuandike 'inspekta mmoja' basi," Sulabha alisihi. "Mjane wake yuko hapo nje tangu asubuhi."

"Inspekta mmoja ndiye nani? Wako kumi na wanane mjini hapa. Tuwapake matope wote?"

Sulabha alizikusanya karatasi zake kwa hasira. Huyu ndiye aliyewahi kulala jela mwaka mzima kwa kukataa kufuta sentensi moja? Miaka thelathini na tisa kwenye kiti kile, mawaziri wakimbembeleza, na leo simu ya polisi ikiingia anatoka kwenda kuipokea kibarazani, mlango kaufunga!

"Mzee keshanunuliwa," Dhondu mpiga picha alimnong'oneza. "Juzi nimemwona ndani ya gari la polisi. Kaketi mbele, kama bwana harusi."

Alasiri Sulabha aliingia na barua ya kuacha kazi. Bhaskarrao hakuipokea. Macho yake yalikuwa mekundu, na shati, ambalo siku zote hunyooka kama limetoka dukani jana, lilikuwa limefungwa vifungo kombo.

"Keti, mwanangu. Jina limepatikana. Andika."

Sulabha alichomoa kalamu.

"Inspekta Shirish."

"Nani amethibitisha?"

"Mwenyewe. Amekiri mchana huu, huku akilia kama mtoto."

Sulabha aliandika mbiombio, furaha na aibu vikimgombania. Kumbe mzee hakuwa amelala. Barua yake aliisukumia chini ya daftari. Ilibaki kukamilisha majina tu, maana gazeti lao halikumtaja mtuhumiwa nusunusu, watu wasije wakamchanganya na mwingine.

"Jina la baba yake?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Alipoinua macho, mhariri alikuwa amevua miwani.

"Langu."