Ufa Kwenye Toazi

Kwaya nzima iliamini kwamba toazi lilipasuka kwa sababu mama Nyamizi, mfagiaji wa kanisa, alilisugua kwa ndimu. Aliyeyazusha hayo ni Elikana, mpiga ngoma, ambaye ndiye aliyelibamiza sakafuni kwa hasira siku alipokuwa peke yake.

Leo mama amekuja na maji vuguvugu na kipande laini cha kanga.

"Safari hii sijatia ndimu, mwanangu. Nisamehe kwa lile."

"Yameisha, mama," akajibu Elikana, uso ukimwaka moto.

Akamshikia toazi, kidole gumba juu ya ufa. Mama akafuta taratibu, akizunguka, shaba ikang'aa, mpaka akakifikia kidole.

"Kiondoe, mwanangu. Nifute na hapo."